Unasaka muda bora wa marathoni? Usiusakie Nairobi

#1 Mlima_Dagoretti

Habari za jioni wadau. Najua uzi huu utaniletea maneno, lakini bora tuseme. Kila Septemba kundi letu la WhatsApp linajaa picha za saa na viapo: mwaka huu lazima nishuke chini ya saa nne, mwaka huu 3:30 liwalo na liwe. Oktoba inafika, watu wanakimbia hapa Nairobi, na jioni yake ni vilio. Mmoja kaongeza dakika sita juu ya muda wake wa zamani, mwingine katembea kuanzia kilomita ya 34. Analaumiwa kocha, vinalaumiwa viatu, unalaumiwa wali wa jana. Mji haulaumiwi.

Mimi naulaumu mji.

Tuanze na hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upande wa magharibi, Dagoretti na Kikuyu, ni juu zaidi. Kwa urefu huo kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya mtu aliyesimama ufukweni Nyali. Mkazi hujizoesha, ndiyo, damu yake huongeza chembe nyekundu, lakini pengo halifutiki lote. Kwa mwendo ule ule, moyo wako unapiga zaidi hapa kuliko ungepiga kule chini. Ukikimbia dakika ishirini unaweza usilione deni. Ukikimbia saa nne utalilipa.

Halafu barabara. Southern Bypass ukiipita kwa gari utaapa ni tambarare. Ipite kwa miguu. Kutoka Lang'ata kwenda Dagoretti mpaka Kikuyu inapanda ule upandaji wa taratibu usiokuachia pa kupumzika, na ukigeuka kurudi mapaja yanasagika kwa kushuka. Wanaosema kupanda na kushuka hulipana wanadanganya: sekunde unazoacha mlimani hazirudi zote bondeni.

Na jua. Bingwa wa saa mbili anamaliza kabla halijakolea. Wewe na mimi wa saa nne, mwishoni mwa Oktoba, kilomita kumi za mwisho tunazikimbia jua likiwa limeshapanda, juu ya lami, kivuli hakuna.

Mkidhani natafuta visingizio, watazameni wenyewe wenye kazi hii. Mshindi wa marathoni ya Nairobi kwa kawaida humaliza kwa saa mbili na dakika kumi na kitu. Sasa hesabuni rekodi za dunia ambazo Wakenya wameziweka Berlin: Tergat 2003, 2:04:55. Makau 2011, 2:03:38. Kipsang 2013, 2:03:23. Kimetto 2014, 2:02:57. Kipchoge 2018, 2:01:39, kisha yeye mwenyewe tena 2022, 2:01:09. Mji ule ule, ulio karibu na usawa wa bahari, njia tambarare, Septemba yenye ubaridi. Marehemu Kiptum marathoni yake ya kwanza aliikimbia Valencia Desemba 2022 kwa 2:01:53, na mwaka uliofuata akaenda Chicago akafanya 2:00:35. Mazoezi wanafanyia Iten na Kaptagat, zaidi ya mita 2,000 juu. Kuvuna wanashuka.

Tena njia ina uzito hata mbele ya sheria. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alikimbia Boston kwa 2:03:02. Hakuna aliyekuwa amewahi kumaliza marathoni kwa kasi hiyo, lakini haikuandikwa rekodi ya dunia, kwa kuwa ile njia inashuka kupita kiwango kinachoruhusiwa na inaishia mbali mno na inakoanzia.

Hoja yangu basi: jifue hapa, Nairobi ni neema kwa mapafu. Ukitaka tarakimu, weka akiba uende mahali pa chini, tambarare, penye baridi. Nipingeni.

#2 Kiatu_cha_Toi

Weka akiba kwa pesa ya nani, bosi? Visa, tiketi, hoteli, ada ya kushiriki kwa yuro, na hiyo Berlin yenyewe kuingia ni bahati nasibu. Mimi muda wangu nitauvunjia hapo hapo Lang'ata Road, kisha nipande matatu na medali shingoni, makanga aniulize nimeshinda ngapi.

#3 Dada_wa_Rongai

Mlima, umesema kweli tatu ukafika mahali pasipo.

Muda wangu bora ni 3:56 na niliupata Nairobi. Kabla yake nilikuwa na 4:14, Nairobi pia. Hewa ilikuwa ile ile na jua lile lile. Kilichobadilika ni zile kilomita kumi na tano za kwanza.

Tuseme ukweli jinsi mbio zetu zinavyoanza. Muziki, mshereheshaji anapayuka, watu wa umbali mbalimbali barabarani, na wote wanatoka kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Saa yako inasoma dakika 5:15 kwa kilomita na unajiona mwepesi ajabu. Lazima ujione, umepumzika wiki mbili na umeshiba wanga. Kumaliza chini ya saa nne kunataka 5:41. Ukienda 5:15 kwa kilomita kumi na tano unajiona una dakika sita na nusu mkononi, na unaanza kupiga hesabu za 3:50. Mwili unafanya hesabu nyingine. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hautoshi marathoni nzima, na kadiri unavyokaza mwendo ndivyo unavyouchoma wanga huo badala ya mafuta. Kufika kilomita ya 32 stoo tupu. Zile dakika sita na nusu zinamezwa na kilomita mbili za kutembea, na bado una nane mbele.

Umemtaja Kiptum. Chicago nusu ya kwanza alitumia 60:48, ya pili 59:47. Mtu aliyekuwa anaikimbiza rekodi ya dunia alianza polepole kuliko alivyomaliza. Sisi wa makundi ya nyuma ndio tunaanza kama tumeiba kitu.

Na mazoezi, jamani. Watu wanashauri humu kana kwamba sote tunaamkia barabara za vumbi za Iten. Mwanamke akitoka Rongai peke yake saa kumi na moja alfajiri anahesabu mbwa, bodaboda na wanaume waliosimama gizani kabla hajahesabu kilomita. Mimi siku za kazi nakimbia saa za chakula cha mchana karibu na ofisi, jua likiniwakia, na pengine hilo ndilo lililonizoesha jua la mashindano. Jumamosi tunakutana msitu wa Karura, kundi zima. Vivuli, udongo mwekundu, hakuna matatu inayokupulizia moshi usoni. Kila nikipita lango la Limuru Road namwombea Wangari Maathai. Bila vita vyake vya 1998 na 1999 vya kuutetea msitu huu, leo tungekuwa tunakimbia katikati ya maghorofa ya watu.

Jambo jingine ambalo wanaume wa humu hawapendi kulisikia: kilomita zangu nyingi za wiki ni za 6:40 mpaka 7:00. Ndiyo, saba. Wenye kukimbia chini ya 3:00 kwa kilomita siku ya shindano, asubuhi zao za kawaida huanza kwa mwendo ambao hata mimi ningewafuata kwa dakika kadhaa. Ninyi kila asubuhi ni shindano na jirani kwenye Strava, ile programu ya simu ya wakimbiaji, halafu siku yenyewe mnashangaa miguu imeenda wapi.

#4 Hesabu_Tupu

Dada amemaliza. Naongeza tarakimu tu.

Umbali wa 42.195 hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote unaowezekana, kona zote zikikatwa kwa ndani. Wewe hukimbii mstari huo. Unapita watu, unafuata maji upande wa pili, unazunguka kona kwa nje. Ukimaliza saa yako itasoma 42.5 au 42.6. Ukiwa umeshikilia 5:41 "ya saa" kwa kilomita 42.6 utamaliza 4:02 na utaandika hapa kwamba waandaaji walipima vibaya. Kwa hiyo lenga 5:37 kwenye saa. Au fanya ninavyofanya mimi: zima ule upimaji wa kilomita wa saa yenyewe, ubonyeze kitufe kwa mkono kila ukipita kibao cha kilomita barabarani.

Kubashiri: kuna kanuni ya Riegel, ya 1977. Muda wa nusu marathoni zidisha kwa 2.085. Mwenye 1:50 anatoka na 3:49. Lakini kanuni hiyo inachukulia kwamba umejiandaa kwa kilomita 42 sawasawa na ulivyojiandaa kwa 21. Kwa mtu anayekimbia kilomita 35 kwa wiki, hiyo 3:49 ni sadaka kwa mizimu. Ongeza dakika kumi, kumi na tano, ndipo upange.

Na kwa Mlima: mshindi wa Nairobi kuwa nyuma ya mshindi wa Berlin kunatokana pia na nani amekuja, analipwa nini, na kama kuna wawekaji kasi wa kumvuta mpaka kilomita ya 30. Usiupe mwinuko dakika zote nane.

#5 Nyali_Jua

Nimeona watu wanatajiwa ufukwe wa Nyali. Mimi nakaa huku. Njooni, oksijeni tele, bahari tambarare, na saa moja asubuhi shati limeshagandana na mgongo. Joto la Mombasa lingekuwa kavu lingevumilika. Hili la kwetu lina unyevu, jasho linatiririka tu wala halikauki, na jasho lisipokauka halikupoozi. Wageni kutoka bara huwa wanaanza vizuri sana. Kufika kilomita ya 15 nawakuta wamekaa chini ya mwarobaini wakiomba madafu.

Nusu marathoni yangu ya Nairobi ni bora kuliko ya nyumbani. Nilipanda huko juu nikihema, lakini nilihema kwenye ubaridi.

#6 Mlima_Dagoretti

Nyali, ndiyo sababu nilitaja vitu vitatu kwa pamoja: chini, tambarare, baridi. Mombasa mna viwili.

Hesabu, nakubali wawekaji kasi wana mchango. Vienna Oktoba 2019 Kipchoge alikimbia 1:59:40 akiwa na wawekaji kasi 41 wakipokezana na gari likiwaonyesha mstari barabarani, na kwa hayo haikuhesabiwa rekodi. Lakini hata hiyo timu yenye pesa zote zile iliyokuwa na ruhusa ya kuchagua popote duniani ilichagua bustani tambarare kwenye mji wa chini. Haikuchagua Uhuru Gardens.

#7 Kiatu_cha_Toi

Swali la watu wa kawaida. Kuna jamaa pale soko la Toi ana viatu vile vya bamba la kaboni, mtumba safi, soli kama mkate. Anataka bei ya viatu viwili vya kawaida. Vitanitoa 4:09 vinipeleke chini ya nne?

#8 Soli_Nyembamba

Mimi ni mzee kidogo humu kwa hiyo mtanivumilia. Catherine Ndereba alikimbia 2:18:47 Chicago mwaka 2001. Samuel Wanjiru alishinda Beijing 2008 kwa 2:06:32, Agosti, joto la kuchemsha maharagwe, na akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika marathoni. Tafuteni picha zao, tazameni miguuni. Soli kama kandambili! Leo kijana hajawahi kukimbia kilomita 30 mfululizo anauliza bamba la kaboni. Kimbia kwanza. Nunua baadaye. Na ile saa mkononi ivue siku moja moja, usikie miguu yako inavyopiga.

#9 Hesabu_Tupu

Mzee Soli, heshima zako, lakini viatu hivyo vinafanya kazi. Vilipopimwa maabara 2017 vile vya kwanza viliokoa wastani wa asilimia 4 ya nishati ya kukimbia. Ndiyo maana chama cha riadha duniani kimeweka kikomo cha unene wa soli, milimita 40 kwa mbio za barabarani.

Ila Toi, wewe usinunue. Ile povu ndiyo mali, na povu huchoka. Huwezi kujua mwenyewe wa kwanza aliikimbilia kilomita ngapi kabla haijafungwa kwenye robota. Sehemu ya juu itang'aa na chini pamekufa. Viatu vya kawaida vya mazoezi mtumba sawa, hivyo hata mimi nimevaa sana. Vya siku ya shindano, bora vipya vya bei nafuu kuliko vya kifahari vilivyochoka.

#10 Dawa_Pole

Nafanya kazi kwenye duka la dawa na kila wiki ya marathoni naona wateja wale wale: "Nipe ya maumivu nimeze kabla ya kuanza." Naomba nisikilizwe kwa hili hata kama hamtasikiliza mengine yote. Ibuprofeni na jamaa zake hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ukikimbia saa nne na huku mwili unakauka, figo tayari ziko taabani. Ukiongeza dawa hiyo unacheza na kitu ambacho hakina duka la vipuri. Kama maumivu yanahitaji kidonge kabla hujaanza, basi siku hiyo usikimbie.

La pili ni maji. Tumefundishwa kuogopa kiu mpaka tunakunywa kila meza. Maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hilo huua. Utafiti uliochapishwa 2005, uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa Boston ya 2002, ulikuta asilimia 13 wakiwa na sodiamu ya chini. Kwa hiyo kunywa kwa kiu, mafunda mawili matatu, uendelee. Ukimaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, ulikunywa kupita kiasi.

Chakula barabarani: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli moja, kile kipakiti cha wanga cha wakimbiaji, ina gramu 20 hadi 30, ndizi ya wastani karibu 25. Anza mapema, dakika ya thelathini au arobaini, bila kungoja kuishiwa. Na jeli ijaribiwe mazoezini. Tumbo lisiloijua litakupeleka vichakani mbele ya kamera.

Usiku wa kuamkia mbio kula ugali, viazi au wali mweupe. Githeri, maharagwe na sukuma viache mpaka Jumapili jioni. Ni chakula kizuri, ila nyuzinyuzi zake zitakudai katikati ya bypass.

#11 Kiatu_cha_Toi

Wueh. Kwa hiyo viatu sinunui, dawa simezi na githeri sili. Kumebaki kukimbia tu?

#12 Mgeni_Lami

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni, sijawahi kukimbia marathoni. Nusu yangu ni 1:52. Mbio ndefu kuliko zote nilizowahi kukimbia ni kilomita 24. Imebaki wiki saba. Kwa kanuni ya Riegel napata 3:53. Nijipange kwa chini ya nne? Naishi Umoja, nafanya mazoezi Kangundo Road na siku nyingine Kasarani.

#13 Bendera_ya_Nne

Mgeni, karibu. Mimi ndiye yule mtu wa kubeba bendera ya saa nne kwenye mbio za hapa, anayefuatwa na wanaotaka kumaliza kwa saa nne, kwa hiyo swali lako ni langu.

Jibu fupi: hapana, panga 4:10 na utafurahi. Marathoni ya kwanza mtu anajifunza mwili wake baada ya kilomita ya 30, na hakuna kanuni inayokufundisha huko. Wiki saba zinakutosha kupata mbio ndefu tatu za kati ya kilomita 28 na 32, ukiacha wiki moja nyepesi katikati, kisha wiki mbili na nusu za mwisho upunguze mzigo. Ukipunguza usiache kabisa. Endelea na miguso mifupi ya kasi, ufupishe umbali. Watu wengi huingiwa na hofu wiki ya mwisho, wanakwenda "kujipima" kwa kilomita 25, na hapo ndipo shindano lao linaishia.

Sasa niseme ninachokiona nikiwa na bendera. Kilomita ya 3 wananipita watu wengi wanaotaka saa nne. Wengine wananitazama kwa huruma. Ile milima ya kwanza wanaipanda kwa 5:35 kwa sababu saa imewaambia 5:35. Mimi naachia. Nikipanda naweza kufika 5:55, hata 6:00 pakiwa pakali, nikishuka narudi 5:30, bila kujibana wala kuruka. Nachoshikilia ni pumzi. Pumzi ya kupanda na ya kushuka zikilingana, saa itajilinganisha yenyewe. Kuanzia 31 nawaokota wale wale, mmoja mmoja. Yule wa huruma anauliza kama nina jeli.

Kwa hiyo Mlima, barabara yetu ni ngumu, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya dakika wanazopoteza watu Nairobi wanaipoteza kwa kukimbia Nairobi kana kwamba ni Berlin. Wanachukua mwendo mmoja wa tambarare wanaubandika kwenye milima.

Mwaka 2022 mbio za jiji zilipopita juu ya Expressway, wiki ile kabla haijafunguliwa kwa magari, nilisikia watu wakisema "barabara mpya, hakuna mashimo, leo muda utaanguka". Kumbe zege na upepo, na huko juu hakuna mama wa kukupigia makofi. Ukimya ule unakula dakika kuliko mlima.

#14 Moshi_Kaskazini

Jirani zenu kutoka Tanzania tunasoma kimya kimya. Kuna anayewaza kuja Kilimanjaro Marathon kutafuta muda? Moshi ni chini kwa karibu nusu ya urefu wenu, hilo kweli. Lakini Februari na Machi jua la huku halina adabu, na njia inapanda kuelekea mlimani. Njooni kwa mandhari na ndizi za nyama. Muda bora achaneni nao.

#15 Mlima_Dagoretti

Basi mnanizunguka pande zote, hata wa Moshi. Lakini angalieni, kila aliyenipinga amenithibitishia. Bendera anasema Nairobi ina mwendo wake, tofauti na wa Berlin. Nyali anasema Mombasa ina wake. Maana yake 3:56 ya dada na 3:56 ya mtu wa Valencia ni kazi mbili tofauti, na mtu akiuliza "muda wako bora ni upi?" bila kuuliza "wapi?" hajauliza kitu. Mimi nina orodha mbili ukutani: ya nyumbani na ya ugenini. Ya nyumbani nailinganisha na ya nyumbani. Nilichoona kinawaumiza watu ni kuchukua muda wa binamu aliyeko Rotterdam na kuja kuukimbiza Lang'ata.

Na bado nasema: mwenye uwezo wa kwenda hata mara moja katika maisha yake ya kukimbia, aende. Dada, wewe mwenye 3:56 ya hapa, ukiwekwa Valencia Desemba unajua unachoweza kufanya? Kwa makisio yangu uko kwenye 3:45, yaani 5:20 kwa kilomita.

#16 Dada_wa_Rongai

Nimeshapiga hiyo hesabu, usinichokoze. Tiketi nimeangalia pia. Nina ada za shule mbili Januari, kwa hiyo Valencia itangoja na mimi nitaendelea kukimbiza 3:50 hapa hapa kwenye milima yenu.

Mgeni_Lami, Jumamosi njoo Karura, lango la Limuru Road, saa ya kufunguliwa. Beba pesa ya kiingilio kwenye simu, chupa yako ya maji, na jeli moja utakayoijaribu. Kilomita 30: ishirini na nne polepole kiasi cha kupiga soga, sita za mwisho kwa mwendo wako wa mbio. Kwa kuwa unalenga 4:10 hizo sita ni za 5:55, wala usithubutu kuzidisha mbele ya macho yangu.

Kiatu_cha_Toi, nawe njoo na hivyo viatu ulivyonavyo.

#17 Kiatu_cha_Toi

Nakuja. Naweza kuleta spika ndogo?

#18 Dada_wa_Rongai

Hapana.

#19 Mgeni_Lami

Asante dada. Kutoka Umoja nitapanda ngapi kufika hapo asubuhi na mapema?

#20 Bendera_ya_Nne

Mbili, Umoja mpaka tauni, kisha za Limuru Road. Jumamosi asubuhi hakuna msongamano. Mwambie kondakta akushushe getini, wengine hupitiliza mpaka Village Market.